Mara 20 kwa Dakika

Usiku ule wagonjwa wangu 30 walivuta pumzi mara 20 kwa dakika, kila mmoja. Wa 31 alivuta mara 18. Ndivyo mafaili yanavyosema, na mwandiko ni wangu. Yule wa 18 ndiye pekee niliyemhesabia.

Aliyewahi kufanya kazi wodini hatashangaa. Pengine atacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekamatwa. Mashine ya presha inakupa presha na mapigo ya moyo kwa mpigo mmoja. Kipimajoto kinakupa joto. Kile kifaa cha kubana kidoleni kinakupa oksijeni. Pumzi haina mashine. Inabidi usimame kando ya kitanda, uangalie kifua cha mtu kikipanda na kushuka, saa mkononi, kwa dakika nzima, tena bila yeye kujua, kwa sababu akijua anabadilisha. Wagonjwa 31 ni dakika 31 za kusimama ukiwa unaonekana hufanyi chochote, huku ndugu wa mgonjwa wanakuita kutoka pande tatu. Kwa hiyo tunaandika 20. Wenye bidii huchanganya: 18, 20, 22, ili mkubwa wa wodi asione zimefanana. Mimi usiku ule sikuwa hata na nguvu ya kuchanganya.

Nilikuwa na miaka 24, mwaka wangu wa pili kazini, katika hospitali moja ya nyanda zetu ambayo sitaitaja. Nyumbani ni Uwemba. Kwa asiyepajua, ukifika Njombe mjini unaanza tena safari, kupita misitu ya kupandwa, mashamba ya viazi na miteremko ya chai, mpaka kwenye misheni ya Wabenediktini. Tuko juu sana, kiasi cha mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba barafu ya alfajiri huunguza majani ya viazi yakawa meusi kana kwamba mtu amepita na moto. Nayasema haya kwa sababu baridi imo ndani ya habari hii. Mikono ya wagonjwa wetu huwa ya baridi. Ukigusa mkono wa mzee saa nne usiku mwezi wa saba ukaukuta wa baridi, hushtuki. Unamvutia blanketi.

Wodi ya upasuaji ilikuwa jengo moja refu, wanaume kulia, wanawake kushoto, meza ya wauguzi katikati. Zamu ya usiku tulipangwa wauguzi wawili na mhudumu mmoja. Saa tatu kasoro mwenzangu akaitwa asindikize mgonjwa wa rufaa Mbeya. Ambulensi ikaondoka kuelekea Makambako kushika barabara kuu, nami nikabaki na mhudumu, mama mtu mzima mwenye moyo wa dhahabu ambaye alikuwa anaweza kila kitu isipokuwa vile ambavyo sheria inamkataza kufanya, na hivyo ndivyo vilivyohitajika.

Nieleze waliokuwapo, angalau wale walionishika mkono usiku ule.

Kulikuwa na kijana wa bodaboda, amevunjika mfupa wa muundi, mguu umefungwa plasta nusu. Alikuwa analia kwa sauti ambayo sijaisikia tena. Alikuwa na ndugu sita, na mmoja wao alikuwa mtu mwenye cheo. Sijui cheo gani hasa, ila alikuwa anazungumza na simu akitembea na kila baada ya muda anageuka kuniangalia.

Kulikuwa na mama aliyetolewa goita mchana ule. Huyu nilimwogopa tangu nilipopokea zamu. Mtu aliyepasuliwa shingo akivuja damu ndani, damu ile haina pa kwenda, inabana koo, na ana dakika chache. Nilimpanga kitanda cha karibu na meza, nikawa namwambia aseme jina lake kila nikipita, nisikie kama sauti inakwaruza. Alisema jina lake usiku kucha kwa uvumilivu. Nikamhesabia na pumzi.

Kulikuwa na fundi wa kiwanda cha mbao aliyeletwa saa tatu na nusu, msumeno umemchukua vidole viwili, kitambaa kimeloa. Kulikuwa na dripu zilizoisha, katheta iliyoziba, dada aliyetapika kitandani. Na kitanda cha 14, upande wa wanaume, dirishani, alikuwa babu mmoja wa miaka kama 70.

Babu alikuwa ameletwa na ngiri iliyonyongwa. Kipande cha utumbo kilikuwa kimekufa, kikakatwa, ncha mbili zikaunganishwa. Hiyo ilikuwa siku ya tano. Ametoka kwenye hatari, tulisema kwenye kupokezana zamu. Ameanza uji.

Saa nne usiku nilifika kwake nikisukuma kitoroli. Nikasalimia kama ninavyosalimia wazee wote wa kwetu.

“Kamwene, babu.”

“Kamwene, mwanangu.”

“Umeshindaje?”

“Salama tu. Pole na kazi.”

“Tumbo linauma?”

“Kidogo, la kawaida. Nenda ukamwangalie yule kijana, anateseka.”

Nilipima presha: 105 kwa 60. Nikaandika. Mapigo ya moyo yalikuwa 108. Nikaandika. Mkojo kwenye mfuko ulikuwa kidogo na mweusi kama chai ya rangi. Nikamwambia anywe maji zaidi. Mkono wake ulikuwa wa baridi, nikamvutia blanketi. Upumuaji, 20. Hali ya mgonjwa: anaendelea vizuri. Nikaenda kwa kijana wa bodaboda kama nilivyoagizwa.

Nimeirudia salamu ile mara nyingi. Kiswahili, na Kibena nacho, hakimpi mgonjwa nafasi ya kusema anaumwa kwenye jibu la kwanza. Hujambo, sijambo. Habari, nzuri. Mtu anaweza kuwa amebeba maiti mgongoni, ukimuuliza za nyumbani atakwambia njema, kisha baada ya muda ndipo aanze: ila tu, tuna msiba. Mgonjwa naye hujibu nzuri kwanza. Ile “ila tu” yake inakuja baadaye, na inakuja kwa yule aliyekaa. Bibi yangu pale Uwemba akifikiwa na mgeni hatajwi ugonjwa wala deni mpaka chai imeshuka nusu kikombe. Mimi nilisimama kwa babu dakika mbili, na kitoroli kilikuwa kimeshageuka.

Chuoni tulifundishwa kupanga kwa herufi: njia ya hewa kwanza, kisha upumuaji, kisha mzunguko wa damu. Swali la mtihani linakupa wagonjwa wanne na kukuuliza utaanza na nani. Nilikuwa nafaulu maswali hayo. Ugumu ni kwamba swali la mtihani limeshakufanyia kazi yote: linasema mgonjwa wa pili anapumua mara 32, amechanganyikiwa, presha inashuka. Wodini hakuna anayekuandikia sentensi hiyo. Lazima uende kitandani uichukue mwenyewe, na kwenda kuichukua kwa mmoja ni kutokwenda kwa mwingine. Umeshachagua kabla hujajua unachagua kati ya nini na nini.

Kwa kijana wa bodaboda nilikaa dakika 40. Sisemi hakustahili. Mguu uliovunjika ukiuma kupita kiasi baada ya kufungwa, unaweza kuwa umevimba ndani mpaka damu haipiti, na ukichelewa anaupoteza. Nilimkagua: vidole vya joto, anavichezesha, anahisi nikimgusa. Hiyo ilichukua dakika tano. Nilimpigia daktari, akaniruhusu dawa kali zaidi ya maumivu, nikamchoma. Dakika 10 nyingine. Zile 25 zilizobaki zilikuwa za ndugu, hasa yule mwenye cheo, aliyetaka kujua kwa nini picha haijarudiwa, kwa nini daktari hayupo wodini, na jina langu kamili. Nilimpa jina langu kamili. Nilimjibu kila kitu kwa adabu. Nilimwogopa, na mtu anayeogopa huwa mkarimu sana wa muda.

Baada yake fundi wa mbao, kufunga na kusubiri achukuliwe kwenda kushonwa. Kisha mama wa goita, jina lake, sauti safi. Kisha dripu. Saa nane usiku nilikunywa chai nimesimama.

Saa kumi alfajiri mhudumu alikuja mezani akasema, “Sista, babu wa kumi na nne ananiita mama yake.”

Nilipofika sikuhitaji saa kujua kwamba pumzi zile si 20, lakini niliitoa saa nikahesabu, dakika nzima, labda kwa aibu. Mara 36. Mapigo 132. Presha 80 kwa 50. Tumbo lilikuwa gumu kama meza. Maungio ya utumbo yalikuwa yameachia. Nilimwita daktari, nikafungua njia ya pili ya dripu, oksijeni, maji, antibiotiki. Daktari alifika haraka, na kulipokucha babu alirudishwa chumba cha upasuaji. Akafariki kesho yake jioni, si katika zamu yangu.

Hakuna aliyeniuliza. Hilo ndilo ambalo watu wa nje hawaliamini. Kwenye ripoti ya asubuhi nilisoma yaliyotokea, na mafaili yalikuwa safi: saa nne usiku mgonjwa anaendelea vizuri, saa kumi hali imebadilika ghafla. Ghafla. Hilo neno niliandika mimi. Daktari aliyempasua aliniambia kwenye korido kwamba maungio yakiachia kwa umri ule, wengi huondoka hata wakiwahiwa. Nadhani alinionea huruma. Nadhani pia alisema kweli. Vyote viwili havinisaidii.

Sasa nipo Dar es Salaam, mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya uuguzi, najifunza kuhudumia wagonjwa mahututi. Joto la huku limenishinda, ila hayo ni mambo mengine. Kwenye semina moja tulisoma habari za Larrey, daktari wa upasuaji wa jeshi la Napoleon, aliyetaka majeruhi waliozidiwa wahudumiwe kwanza bila kutazama cheo wala nishani. Wenzangu waliona ni jambo la wazi. Mimi nilimkumbuka yule bwana na simu yake. Miaka zaidi ya 200, na bado cheo kinapita mlangoni kabla ya mgonjwa.

Neno lenyewe triaji limetoka Kifaransa, kuchambua, kama unavyochambua mchele. Huku Muhimbili, Idara ya Magonjwa ya Dharura ilifunguliwa Januari 2010, na kazi ya mlangoni ni hiyo: mgonjwa akifika anapimwa na kuwekwa kwenye kundi lake, asubiri au asisubiri. Nimekaa mlangoni pale kwa mafunzo na nimeona linavyookoa watu. Lakini kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona kwamba wodi ya kawaida haina mlango. Mtu anachambuliwa mara moja akiingia, anapata kitanda, na kuanzia hapo tunamchukulia kwamba amebaki vilevile alivyoingia. Babu aliingia akiwa mwekundu, kama tungetumia rangi. Siku ya tano tulimwita kijani kwa sababu ya uji. Usiku saa nne alikuwa anarudi kuwa mwekundu mbele ya macho yangu.

Mwaka 2016 jopo la wataalamu wa kimataifa lilitoa vigezo vitatu vya kumshuku haraka mtu mwenye maambukizi kwamba amezidiwa: anapumua mara 22 au zaidi kwa dakika, presha ya juu ni 100 au chini, akili imevurugika. Viwili kati ya vitatu, shtuka. Hakuna maabara, hakuna mashine ya gharama. Wapo wanaovikosoa, na wana sababu, vinakosa wengi. Profesa alipoviweka ukutani nilijaza fomu ya babu kichwani. Presha 105: bado. Akili: alinijibu sawasawa, alikumbuka hata kumhurumia kijana. Upumuaji: sijui. Faili linasema 20. Kama ilikuwa 20 kweli, sikuwa na kosa. Kama ilikuwa 28, nilikuwa na mapigo 108, mkojo mweusi, mkono wa baridi na 28, na mwanafunzi wa mwaka wa tatu angemwita daktari saa nne na dakika tano. Namba hiyo ilikuwepo. Ilikuwa inapanda na kushuka chini ya blanketi ambalo nililivuta mwenyewe.

Msimamizi wangu wa utafiti anapenda nitafiti uwiano wa wauguzi na wagonjwa. Ana haki. Muuguzi mmoja kwa watu 31 ni jambo la kusemwa kwa sauti, na siku nikitetea tasnifu yangu nitalisema. Ila naogopa kulitumia kujificha. Dakika 25 za yule bwana mwenye simu hazikutokana na uhaba wa wauguzi.

Likizo ya mwezi wa kumi na mbili nilipanda kwenda nyumbani. Pale stendi ya Njombe nikakaa kwenye Noah ya Uwemba kusubiri ijae, na dada mmoja mwenye kitenge mabegani akawa ananiangalia. Kisha akaniuliza kama mimi si yule sista wa wodi ya upasuaji. Nilimjua kwa taabu. Ni binti wa babu. Ndiye aliyekuwa akimletea uji. Wanaishi kijiji cha mbele kidogo ya kwetu.

Tulisalimiana salamu ndefu, nyumbani, watoto, viazi, mvua. Akanishukuru kwa kumhudumia baba. Akasema familia ilikuwa inamtaja yule sista aliyekuwa anasalimia vizuri.

Nilikuwa nimejiandaa kwa siku hii miaka miwili, na bado maneno yaliyotoka hayakuwa yale niliyoyaandaa. Nilimwambia, “Dada, usiku ule nilichelewa. Nilipita kwa baba saa nne sikumwangalia vizuri. Sikumhesabia pumzi, na nikaandika kwamba nimemhesabia.”

Alikaa kimya. Konda alikuwa anapiga bati la gari na kuita Uwemba, Uwemba, bado wawili. Nilidhani hakunielewa, nikaanza kueleza upumuaji ni nini, akaniinulia mkono ninyamaze.

“Mimi nilikuwepo mpaka saa sita,” akasema. “Nililala chini ya kitanda. Baba alikuwa anahema. Nikamwambia nikuite. Akanikatalia. Akasema mwache, yule binti yuko peke yake, ana kazi nyingi, yule kijana amezidi kuumia kuliko mimi.” Akaifunga kitenge upya. “Na mimi nikamsikiliza. Si ni baba?”

Sikuwa na la kumwambia. Nilitaka kumuuliza alikuwa anahema vipi, kwa kasi gani, tangu saa ngapi, na niliona aibu kwamba hilo ndilo nililotaka kumuuliza.

Gari likajaa. Alishuka kabla yangu, penye kona ya miti ya mikaratusi, na kabla konda hajafunga mlango akasukuma kiroba chake kimoja cha viazi kikabaki miguuni pangu. Nikamwambia hapana, dada, ni vingi. Akasema mpelekee bibi. Nikavipeleka.